Hesabu ya Vizazi: Utangulizi wa Somo la Mageuko

Mwaka 1993 Malawi iliacha kutumia klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya kutibu malaria. Haikuwa na njia nyingine. Dawa iliyotegemewa kwa miongo mingi, ya bei nafuu na yenye uchungu ambao kila aliyewahi kuimeza anaukumbuka, ilikuwa imeshindwa kazi. Kwa vipimo vilivyofanywa Blantyre mwaka 1992, asilimia 85 ya maambukizi yalikuwa ya vimelea vyenye badiliko la kijeni linalovipa usugu dhidi ya klorokwini. Mahali pake ikaingia dawa ya SP (sulfadoxine-pyrimethamine). Wataalamu walipopima tena mwaka 2000, asilimia 85 ilikuwa imeshuka hadi 13. Na mwaka 2006 yakachapishwa majaribio ya tiba yaliyofanywa kwa watoto wa Malawi: klorokwini ile ile iliyoonekana imekwisha kazi sasa ilifaulu kwa asilimia 99.

Ni nini kilichotokea hapo katikati? Hakuna kimelea kilichojifunza kuikwepa dawa, na hakuna kilichosahau. Ndani ya kimelea cha malaria kuna kifuko kidogo ambamo hemoglobini inayoibwa katika damu yetu humeng'enywa. Klorokwini hujikusanya humo na kukiua kimelea. Ipo protini moja kwenye ukuta wa kifuko hicho ambayo ikibadilika kidogo huitoa dawa nje kabla haijafikia kiasi cha kuua. Kimelea chenye protini hiyo huishi pale vingine vinapokufa, na uzao wake huirithi. Ndiyo maana usugu uliozuka Asia ya Kusini-Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 ulikuwa umefika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, ukasambaa nchi baada ya nchi. Lakini badiliko hilo lina gharama yake, kwa kuwa protini iliyobadilika haifanyi vizuri kazi yake ya kawaida. Dawa ikiondolewa, vimelea vyenye badiliko huzidiwa na vile visivyo nalo, ambavyo kumbe havikuwa vimekwisha kabisa. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa vimelea vilivyoijaza Malawi upya vilikuwa uzao wa hivyo vichache vilivyosalia.

Nimeanza na kimelea kwa makusudi. Wanafunzi wengi huingia katika somo hili wakitarajia mafuvu na mifupa ya dinosaria, nao watayakuta. Lakini mageuko, kabla ya kuwa habari ya mamilioni ya miaka, ni habari ya uwiano: ni wangapi katika kizazi hiki wana sifa fulani, na ni wangapi watakuwa nayo katika kizazi kijacho. Kiumbe mmoja hageuki. Huzaliwa na jeni zake, huishi nazo, hufa nazo. Kinachogeuka ni kundi, kwa sababu baadhi ya waliomo huacha watoto wengi kuliko wengine. Ukilishika jambo hili moja, ukalishika kweli, nusu ya makosa yanayowasumbua wanafunzi wa biolojia hayatakupata. Nayo si habari iliyokwisha. Tanzania iliachana na klorokwini mwaka 2001, ikaingia kwenye dawa mseto mwaka 2006, na sasa vimelea vyenye mabadiliko yanayopunguza nguvu ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Atakayevipima kesho huenda ni wewe.

Charles Darwin, aliyezunguka dunia kwa meli ya Beagle kati ya 1831 na 1836, na Alfred Russel Wallace, aliyekuwa akikusanya ndege na wadudu katika visiwa ambavyo leo ni vya Malaysia na Indonesia, walilifikia wazo hili kila mmoja kwa njia yake. Likatangazwa kwa pamoja London mwaka 1858, na mwaka uliofuata Darwin akatoa kitabu chake kikuu. Wazo lenyewe halina kificho. Viumbe huzaliwa wengi kuliko wanaoweza kuishi hadi kuzaa, hawafanani, na baadhi ya tofauti zao hurithiwa. Basi tofauti yoyote inayomsaidia mwenye nayo kuishi na kuzaa, hata kwa kiasi kidogo, itaonekana kwa wengi zaidi katika kizazi kinachofuata. Huo ndio uteuzi asilia. Hauna nia, hauoni mbele, na haumwandalii kiumbe anachokihitaji.

Darwin hakujua urithi unavyofanya kazi, na jambo hilo lilimtesa. Gregor Mendel alichapisha matokeo ya majaribio yake ya njegere mwaka 1866, lakini ilichukua zaidi ya miaka thelathini dunia kuyatilia maanani. Leo tunajua kuwa maelekezo ya mwili yameandikwa katika DNA, na kwamba kila inaponakiliwa hutokea makosa machache. Kila mtoto wa binadamu huzaliwa na mabadiliko mapya kadiri ya 60 hadi 70 ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Mengi hayana athari yoyote, machache yana madhara, na mara chache sana moja huwa na faida mahali fulani kwa wakati fulani. Naomba uyasisitize maneno hayo: mahali fulani, kwa wakati fulani. Hakuna jeni nzuri popote na daima, na hakuna mfano unaoonyesha hilo kwa uwazi na kwa uchungu kama selimundu.

Selimundu husababishwa na badiliko la herufi moja tu katika jeni ya hemoglobini. Mtoto aliyerithi nakala mbili zenye badiliko hilo, moja kwa baba na moja kwa mama, chembe zake nyekundu za damu hujikunja, huziba mishipa midogo, huvunjika mapema. Hupata maumivu makali, upungufu wa damu na maambukizi. Bila tiba, wengi hawavuki utoto. Kwa hesabu ya Darwin, jeni ya namna hiyo ingepaswa kuwa adimu kila mahali. Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu huko mwaka 1949 akakuta jambo lisiloelezeka kirahisi: katika baadhi ya jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano walibeba nakala moja ya jeni hiyo, ilhali katika nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja kati ya 100. Ramani ya jeni ilifuata ramani ya mbu. Mwaka 1954 Allison akachapisha ushahidi kwamba mtu mwenye nakala moja tu, ambaye kwa kawaida haugui selimundu, ana kinga dhidi ya malaria kali.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu mfano huu hubaki hadithi. Chukua watoto wachanga 1,000 katika eneo ambalo asilimia 10 ya nakala zote za jeni hii ni zenye badiliko. Kama wazazi hawachaguani kwa kufuata jeni hiyo, utatarajia watoto 10 wawe na nakala mbili zenye badiliko, 180 wawe na moja, na 810 wasiwe nayo kabisa. Sasa chukulia kwamba, kama ilivyokuwa kabla ya hospitali, wale 10 wote wanakufa kabla ya kuzaa. Wamekwenda na nakala 20 kati ya 200. Kizazi kimoja tu, na sehemu ya kumi ya jeni hiyo imepotea. Ili kiwango kibaki palepale kizazi baada ya kizazi, lazima kifo kichukue pia upande wa pili. Kwa kiasi gani? Watoto 90 kati ya wale 810 lazima wafe kwa malaria. Watabaki 720 wasio na badiliko na 180 wenye nakala moja, jumla 900 wenye nakala 1,800. Kati yake 180 ni za selimundu, yaani asilimia 10 kamili.

Rudia hesabu hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Namba zake nimezichagua ziwe rahisi, lakini uwiano ule unapatikana kweli katika Afrika, na kila tarakimu humo ni mtoto wa mtu. Hivyo ndivyo malaria ilivyowagharimu wazee wetu, na gharama hiyo imeandikwa katika damu ya wajukuu. Inafuata pia, kwa hesabu hiyo hiyo, kwamba palipo na chandarua, dawa na tiba ya selimundu, mizani inabadilika. Uteuzi asilia hautuamuru tumwache yeyote afe. Unaeleza kilichotokea pale ambapo hapakuwa na msaada.

Mfano wa maziwa nitaupitia kwa haraka. Watoto wa mamalia karibu wote humeng'enya sukari ya maziwa, kisha wakikua uwezo huo hupungua. Ndivyo ilivyo kwa watu wazima wengi duniani. Wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, wakiwemo Wamasai, hubaki nao maisha yote. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, baada ya kuwapima watu wa makabila zaidi ya 40 ya Tanzania, Kenya na Sudan, walionyesha kuwa badiliko la kijeni linalowapa wengi wao uwezo huo si lile lililoko Ulaya. Limetokea peke yake, huku, na limeenea kwa kasi katika miaka elfu chache tangu ng'ombe walipofika. Watu wa kaskazini ya mbali na watu wa Bonde la Ufa wamefikia uwezo mmoja kwa makosa mawili tofauti ya kunakili.

Usidhani hata hivyo kwamba kila kinachobadilika katika kundi kimeteuliwa. Bahati nayo ina sehemu yake, na kundi likiwa dogo sehemu hiyo huwa kubwa. Mwaka 1962 mlipuko wa nzi wanaouma uliwaangamiza simba wa kreta ya Ngorongoro hadi wakabaki kama 10 hivi. Simba wa kreta waliofuata walitokana na hao wachache na madume kadhaa walioingia kutoka nje muda mfupi baadaye. Jeni zilizopotea wakati ule hazikupotea kwa kuwa zilikuwa mbaya. Zilipotea kwa kuwa waliozibeba ndio waliokufa. Watafiti waliowapima simba hao miaka ya baadaye wakakuta tofauti za kijeni zimepungua kuliko kwa simba wa Serengeti waliopakana nao, na madume wenye mbegu zenye kasoro nyingi. Mtu anayesimamia hifadhi asipoijua kanuni hii atahesabu simba na kuridhika na idadi, asijue kilichokwisha ndani yao.

Hadi hapa tumezungumzia mabadiliko ndani ya spishi moja. Swali linalofuata ni lile ambalo Darwin mwenyewe aliliita fumbo kuu: spishi mpya hutokeaje? Kwa swali hili, hakuna mahali duniani panapoweza kukufundisha kuliko Ziwa Victoria, na nasema hivyo nikijua visiwa vya Galapagos vina sifa zake.

Mtu wa Mwanza, Musoma au Bukoba anamjua furu, samaki mdogo mwenye miba mgongoni ambaye zamani alijaa katika nyavu. Kwa mvuvi ni furu tu. Kwa mtaalamu aliyemtazama kwa makini, ni spishi zaidi ya 500, na karibu zote hazipatikani popote pengine. Kuna furu wavunja konokono, furu wakwangua mwani kwenye mawe, furu wala samaki, furu wanaonyang'anya mayai na vifaranga katika kinywa cha mama aliyewahifadhi. Mpasue furu ukiwa na lenzi ndogo, utakuta kwamba ana taya la pili kooni, na kwa taya hilo unaweza kukisia chakula chake: kwa mvunja konokono ni pana na lina meno butu, kwa mla wadudu ni jembamba na lina meno laini. Taya la mbele likiachiwa kazi ya kukamata na la nyuma ile ya kusaga, kila moja huweza kubadilika bila kulikwamisha jingine.

Jambo linalowashangaza hata wataalamu ni muda. Matope yaliyochimbwa chini ya ziwa yanaonyesha kuwa lilikauka, na likajaa tena karibu miaka 15,000 iliyopita. Spishi mamia kwa mamia katika muda mfupi namna hiyo zimewezekanaje? Sehemu ya jibu ilipatikana mwaka 2017 kwa kusoma vinasaba: furu wa eneo hili wametokana na mchanganyiko wa kale wa koo mbili za samaki, moja yenye asili ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile. Mchanganyiko huo ulitokea zamani kuliko ziwa la sasa. Kwa hiyo ziwa lilipojaa, samaki walioingia tayari walikuwa na hazina kubwa ya tofauti, na uteuzi haukuhitaji kusubiri mabadiliko mapya yatokee moja moja.

Sehemu nyingine ya jibu iko katika macho. Katika visiwa vya mawe vya ghuba ya Mwanza wanaishi furu wawili wa karibu sana. Mmoja wanasayansi wamempa jina la Pundamilia pundamilia kwa mistari yake. Dume lake lina rangi ya samawati. Mwingine ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume lake ni jekundu mgongoni na njano ubavuni. Katika maji yenye chembechembe, mwanga wa samawati hufifia haraka kadiri unavyoshuka, na mwekundu huenda mbali zaidi. Wa samawati hukaa juu, mwekundu hukaa chini kidogo, na jeni za macho ya kila mmoja zimeelekea kuuona vizuri mwanga wa mahali pake. Majike huchagua madume kwa rangi. Jike anayeona zaidi wekundu humchagua mwekundu, watoto wake hurithi macho na rangi hizo, na bila ukuta wala mlima wowote kati yao, kundi moja huwa mawili.

Tunajuaje kuwa ni mwanga unaofanya kazi hii? Linganisha visiwa. Kwenye maji maangavu, kama ya Makobe, spishi hizi mbili zinatengana wazi. Kwenye maji yaliyochafuka sana, ambako jike hawezi kutofautisha rangi, unakuta kundi moja la samaki waliochanganyika. Udongo unaomomonyoka mashambani na uchafu unaotiririka kutoka mijini unafuta spishi kwa kuzima mwanga tu. Huo ni msiba wa pili. Wa kwanza ni sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka mno katika miaka ya 1980. Inakadiriwa kuwa spishi zipatazo 200 za furu zimetoweka. Sangara amejenga nyumba na kusomesha watoto, wala sitamlaumu mvuvi. Lakini kama mtu aliyetumia maisha yake kwenye somo hili, siwezi kuandika habari za furu bila kusema kwamba tumepoteza maktaba kabla ya kusoma rafu ya kwanza.

Kutoka hapa mwanafunzi huuliza: sawa, samaki wanazaa samaki, lakini je, viumbe vyote vina ukoo mmoja? Ushahidi wa ukoo huonekana zaidi pale mwili ulipojengwa vibaya kuliko ulipojengwa vizuri. Mtazame twiga. Neva inayoendesha koromeo lake inatoka kwenye ubongo, inapita karibu kabisa na koromeo, inateremka shingo yote hadi kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkuu wa moyo, kisha inapanda tena shingo yote kurudi pale ilipopitia. Mita kadhaa, kwa safari ambayo ingetosha sentimita chache. Kwa samaki, ambao hawana shingo, neva inayolingana na hiyo hupita nyuma ya mshipa wa matamvua kwa njia fupi na ya moja kwa moja. Vizazi vya wazao wa samaki wa kale vilipopata shingo na moyo ukashuka kifuani, neva ilivutwa pamoja na mshipa, hatua kwa hatua, na hapakuwa na kizazi ambacho kingeweza kuikata na kuiunganisha upya. Sisi nasi tunayo neva hiyo yenye mzunguko huo huo. Shingo yetu ni fupi, basi hatuioni ajabu.

Ushahidi mwingine wa namna hii uko katika kila chembe ya mwili wako. Binadamu ana kromosomu 46; sokwe wa Gombe na Mahale ana 48. Kama tuna ukoo mmoja, kromosomu mbili zimekwenda wapi? Haziwezi kupotea tu, maana zina jeni za lazima. Ilibidi ziwe zimeungana. Zilipochunguzwa, kromosomu ya pili ya binadamu ilikutwa inalingana na kromosomu mbili za sokwe zilizopangwa ncha kwa ncha. Katikati yake, mahali pa kiungo, kuna mpangilio wa herufi ambao kwa kawaida hupatikana kwenye ncha pekee, na kuna mabaki ya kitovu cha pili cha kromosomu (sentromia) ambacho hakifanyi kazi tena. Hoja ilitangulia, uchunguzi ukafuata, na ungeweza kuikanusha.

Hapa ndipo mtu darasani huinua mkono: kama binadamu alitokana na sokwe, mbona sokwe bado wapo? Swali halali, na jibu lake unalo nyumbani. Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Hukuzaliwa na binamu yako, na kuzaliwa kwako hakukumfanya yeye atoweke. Sisi na sokwe tuna mababu wa pamoja walioishi miaka milioni sita au saba hivi iliyopita. Hawakuwa sokwe wa leo wala watu wa leo, na tangu hapo sokwe nao wamekuwa wakibadilika kama sisi.

Wengi watakaousoma utangulizi huu wamelelewa kanisani au msikitini, nami sioni sababu ya kulikwepa jambo hilo. Sayansi huuliza miili imekuwaje hivi ilivyo, na hujibu kwa vitu vinavyoweza kupimwa. Maswali ya kwa nini tupo na tuishi vipi hayapimwi kwa darubini. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliolijenga somo hili katika karne ya ishirini, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi. Ninachomwomba mwanafunzi ni uaminifu mbele ya ushahidi: ausome wote, aupime, asiuruke ukurasa unaomsumbua. Anavyoyapatanisha hayo moyoni ni jambo lake, na ana haki ya kuchukua muda.

Sasa twende kwenye mawe. Visukuku vina mpangilio ambao hauvunjiki: katika miamba ya kale kuna samaki na hakuna hata mnyama mmoja wa miguu minne, wa miguu minne hutokea baadaye, mamalia baadaye zaidi. Kwa kuujua mpangilio huo, Neil Shubin na wenzake waliamua kutafuta mahususi miamba ya miaka milioni 375 iliyokuwa vitanda vya mito. Mwaka 2004, katika kisiwa cha Ellesmere kaskazini ya mbali ya Kanada, wakampata Tiktaalik: ana magamba na mapezi, lakini ana shingo, na ndani ya pezi ana mifupa ya bega, kiwiko na kiganja. Huna haja ya kwenda Kanada kuona jamaa zake. Kamongo anayevuliwa Ziwa Victoria ana mapafu na hupumua hewa, na kwa vinasaba vyake ni ndugu wa karibu zaidi wa ng'ombe na wa kwako kuliko alivyo wa sato aliyelala naye kwenye kapu moja.

Umri wa mawe haukisiwi. Aina moja ya potasiamu hugeuka kuwa gesi ya argoni kwa mwendo usiobadilika: nusu yake huisha katika miaka bilioni 1.25. Volkano inapolipuka, jiwe likiwa bado limeyeyuka, argoni iliyokuwamo hutoroka. Likiganda, argoni mpya hunaswa ndani. Pima potasiamu iliyobaki na argoni iliyokusanyika, na utajua majivu yalianguka lini. Bonde la Ufa, pamoja na volkano zake, limetandaza majivu ya namna hiyo tabaka juu ya tabaka, na mifupa imelala katikati. Kwa njia hii tabaka la Olduvai ambamo Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwaka 1959 lilikadiriwa kuwa na miaka milioni 1.75, umri uliowashtua wengi wakati huo. Darwin alikuwa ameandika mwaka 1871, bila kisukuku hata kimoja cha Afrika mkononi, kwamba mababu wa binadamu yaelekea waliishi Afrika, kwa kuwa ndiko waliko sokwe na gorila. Ardhi ya Tanzania, Kenya na Ethiopia imemjibu.

Laetoli, kusini ya Olduvai, majivu yalinyeshewa, wanyama wakapita, na juu yake yakaanguka majivu mengine. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ikafukua humo nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, wima, miaka milioni 3.66 iliyopita, kisigino kikikanyaga kwanza na kidole gumba kikiwa sambamba na vingine. Ubongo wao ulikuwa mdogo kama wa sokwe. Tulitembea, basi, zamani sana kabla ya kufikiri kama tunavyofikiri leo, na mpangilio huo haukutarajiwa na wengi.

Kisha mwaka 2015 palipangwa kujengwa jumba la makumbusho papo hapo Laetoli, na wataalamu wakachimba mashimo ya kupima athari za ujenzi. Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 2016, wakakuta nyayo nyingine kwenye majivu ya umri ule ule, mita kama 150 kutoka zile za kwanza. Mmoja wa waliopita hapo alikadiriwa kuwa na urefu wa sentimita 165 hivi, mrefu kuliko wote wa kundi la mwaka 1978. Je, alikuwa dume, na je, madume ya viumbe hao yaliwazidi majike kwa umbo kama ilivyo kwa gorila, jambo ambalo lingeashiria dume mmoja mwenye majike kadhaa? Au alikuwa mrefu tu kati ya wenzake, kama ilivyo kwa watu? Nyayo za viumbe wachache hazitoshi kuamua. Sehemu kubwa ya majivu hayo bado haijafukuliwa.